Miswala Sitini, kwa Meli au kwa Ndege

Sifa njema zote ni zake Mola aliyeyapa maji nguvu ya kubeba merikebu ya chuma, akaipa hewa nguvu ya kubeba ndege na shehena yake tumboni, na vyote viwili vikamtii. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyeweka paji la uso chini kwa ajili ya Muumba, awe juu ya zulia au juu ya mchanga mtupu. Ama baada ya hayo, nitasimulia jinsi mimi na mke wangu tulivyojifunza kusafirisha mzigo ng'ambo, katika umri ambao wenzetu wengi wanasafirisha dua tu.

Mimi nimesomesha watoto Kurani hapa Kibiti kwa miaka mingi kuliko meno niliyobakiwa nayo. Kabla ya jambo hili, mzigo mkubwa niliowahi kuutoa mahali pamoja kuupeleka pengine ulikuwa magunia mawili ya mpunga kutoka Mbuchi, kwao mke wangu, na moja lilinyeshewa njiani. Kwa hiyo asije mtu akadhani anasoma maneno ya mtaalamu.

Binti yetu anaishi Uholanzi na mumewe. Msikiti wao ni chumba kirefu juu ya duka la baiskeli, wanasali humo Wangazija, Wasomali, Waswahili wa kwetu na wa Kenya. Bomba la maji likapasuka ukutani, zulia lote likaloa, likaoza, likatupwa. Wakawa wanasali juu ya mbao tupu. Binti yetu akachukua mswala wa ukindu aliofumiwa na mama yake, akautandika kwenye safu ya wanawake. Siku ya pili wanaume wakatuma mtoto kuuazima. Siku ya tatu pakawa na foleni.

Ndipo akapiga simu.

"Mama, kamati wanaomba sitini."

"Sitini nini?"

"Miswala. Kama ule wangu. Wanataka Ramadhani iwakute wako juu yake."

Mke wangu hakumuuliza mtu. Hakuniuliza mimi, wala hakuwauliza wanawake wenzake wanaosuka naye kwenye baraza letu. Alisema palepale, "Mungu akipenda, tarawehe ya kwanza mtasujudu juu ya kazi yetu."

Msomaji hamjui mke wangu, basi nimweleze kidogo. Akikuahidi kukuletea ungo saa nne, saa tatu na nusu yuko mlangoni kwako, na ungo ameshauosha. Katika ndoa yetu nimemwona akikasirika, nimemwona akicheka mpaka akashika ukuta, lakini sijamwona akivunja ahadi. Na hii haikuwa ahadi ya ungo. Ilikuwa ahadi ya sehemu ya kusujudia, tena kwa watu wasiomjua. Tangu siku ile, kila nilipomwona ameinamia ukili, ule ukanda wa ukindu unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mswala, nilijua anasuka mswala huku anahesabu mwezi.

Walikuwa wanawake kumi na mmoja, mkubwa wao shangazi yake mke wangu, bibi asiyeona vizuri tena lakini vidole vyake vinaona. Ukindu ulitoka bondeni. Waliuanika, wakauchana, wakachemsha rangi ya zambarau na nyekundu kwenye sufuria ambayo mpaka leo hatuthubutu kupikia wali. Mwezi wa Mfunguo Tisa ulipokaribia ukingoni, miswala sitini ilikuwa imekamilika, imeshonwa, imekatwa pindo. Kati yetu na Ramadhani zilibaki Rajabu na Shaabani na siku chache za nyongeza. Sasa likaja swali ambalo hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuulizwa: ipande meli au ipande ndege?

Hapa mtaani kwetu bingwa wa ndege ni jirani yangu mmoja, mtu wa milimani kwa Wamatumbi, mtani wa mke wangu. Yeye hununua kaa hai kutoka kwa wavuvi wa Mbuchi na vijiji vya deltani, akawapeleka Dar es Salaam, nao hupaa kwenda kuliwa mbali huko. Mimi kaa simli, nimefuata niliyofundishwa na walimu wangu. Jirani hajawahi kuniudhi kwa hilo, ila siku hiyo nilipomwita kumuuliza habari za ndege, alipata nafasi yake.

"Maalim, kaa wangu humli, lakini elimu yake unaitaka?"

"Elimu ni halali popote itokapo," nikasema. "Sema."

"Basi panda ndege. Leo kaa yupo kwenye tope la Mbuchi, keshokutwa yupo kwenye sahani ya mtu. Hakuna mjadala."

"Kaa ana haraka," nikamjibu. "Ana roho. Mswala hauna roho. Mswala utulie kwenye meli, ufike kwa amani. Tena meli ni rahisi."

Mke wangu alikuwa anamimina chai. "Nyie wote wawili mnasema habari za mzigo. Mimi nauliza habari za mwezi. Mwezi haungoji meli wala haungoji kaa."

"Mtani," jirani akamwambia, "watu wa bondeni hamjawahi kuwa na haraka. Mto ukijaa mnahama, ukipungua mnarudi. Leo haraka imetoka wapi?"

"Imetoka kwenye ulimi wangu," akasema mke wangu. "Nimeahidi."

Tukaona bora twende kwa wenye kazi yao. Jirani alituchukua kwenye pikapu yake, kaa nyuma ndani ya matenga, miswala juu ya kaa, na kati yake turubai tatu, kwa sababu mke wangu aliapa kwamba hatapeleka nyumba ya Mungu mswala unaonuka kinamasi. Ofisi ya wakala wa mizigo ilikuwa chumba kidogo mbele ya ghala. Ndani alikaa binti mwenye ushungi wa buluu na kalamu mbili masikioni, moja kila upande.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi. Karibuni, mna mzigo gani?"

Tukauteremsha. Kwetu mswala mpya huviringishwa peke yake na kufungwa kwa ukili mwembamba, kwa sababu ni heshima ya mwenyewe awe wa kwanza kuukunjua. Mkeka uliokwisha kutandikwa, hata kama haujakaliwa, tunauhesabu umetumika. Kwa hiyo tulikuwa na mizunguko sitini, kila mmoja na kifundo chake, imerundikwa kama magogo ya kuni. Yule binti akaitazama. Akaushika mmoja kwa vidole viwili, ukainuka kama unyoya. Akatia jicho kwenye tundu la katikati, akaniona mimi upande wa pili.

"Babu," akasema, "nusu ya mzigo huu ni hewa. Mnataka kusafirisha hewa ya Kibiti?"

Akachukua utepe wa kupimia, akatueleza taratibu, nami nikamsikiliza kama mwanafunzi wa alifu. Ndege, alisema, haijui mkeka wala chuma. Inauliza mambo mawili tu: una uzito gani, na unakalia nafasi kubwa kiasi gani? Lililo kubwa kati ya hayo mawili ndilo utakalolipia. Mzigo mwepesi wenye nafasi nyingi hulipiwa kana kwamba ni mzito. Miswala yetu, kwa mzani, ilikuwa sawa na gunia dogo la mchele. Kwa utepe, ilikuwa sawa na magunia mawili. Aliponionesha kwenye kikokotoo ndege inataka nini kwa magunia yale mawili ya hewa, nilimrudishia kikokotoo chake kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

"Na meli?"

"Meli ina subira, babu. Mzigo wenu utaingia kontena moja na mizigo ya watu wengine, kama mnavyozunguka sinia la pilau kwenye harusi. Kila mtu analipia sehemu yake. Ila mnasubiriana mpaka kontena lijae. Halafu siku hizi meli nyingi zinazunguka kusini mwa Afrika, hazikatizi Bahari ya Shamu. Wiki saba. Nane. Na huko bandarini kwao kuna forodha."

Mke wangu akahesabu vidoleni. "Zimebaki wiki tisa."

"Meli inaondoka mwisho wa wiki hii. Kwa kubana, bibi, inawezekana. Ndege ni siku tano mpaka saba pamoja na karatasi, lakini bei umeiona."

Nikasema tuchague meli. Nataka niandike wazi kwamba ni mimi niliyesema. Nikaongeza na maneno mazuri kuhusu subira, na mke wangu akanitazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kuyasikia maneno hayo mara nyingi, mengi yakiwa ya kweli. Fedha ya kusafirishia iliyotumwa na kamati ilitosha meli na kubaki kidogo. Kwa ndege, jasho la wanawake kumi na mmoja lingeishia angani.

"Basi meli," akasema. "Lakini ikichelewa, Maalim, wewe ndiye utakayempigia simu imamu wao."

Yule binti akatuomba jambo moja: tuiviringishe upya, ibane zaidi, ichukue nafasi ndogo ndani ya kontena. Na iwe imekauka vizuri.

Tulilala kwa ndugu, asubuhi tukarudi ghalani. Wasukaji wawili walikuwa wamekuja nasi, na pamoja na mke wangu wakaketi uani. Sasa, kila aliyekulia kwetu anajua kwamba ukindu mkavu ukiubana utapasuka. Ili ulainike, unaunyunyizia maji. Bibi zetu walifanya hivyo, na mama zao kabla yao. Unanyunyiza, unaviringisha, unapeleka mkeka kwa mwenyewe, anaukunjua siku hiyohiyo na upepo unamaliza kazi. Hakuna aliyewahi kuuona mkeka ukidhurika kwa hilo. Wanawake wale walinyunyiza kwa ustadi, matone madogo kutoka kwenye vidole, wakaviringisha mpaka kila mswala ukawa mwembamba kama mwanzi. Halafu, ili vumbi la ghala lisiingie, wakafunga fungu zima kwa nailoni, duru tatu, na utepe wa gundi juu yake. Yule binti alikuwa ofisini na wateja wengine. Alipotoka aliona fungu dogo limebana vizuri, akasifu. Nasi tukafurahi kusifiwa.

Ndoo ya maji niliichota mimi.

Mzigo wa majani na miti hauvuki mpaka bila cheti cha afya ya mimea. Mkaguzi alipangiwa kuja baada ya siku nne. Siku nne, ndani ya nailoni, ndani ya ghala la bati, katika joto la Dar es Salaam. Alipokata gundi na kufunua, harufu ilitoka kwanza kabla ya mswala wenyewe. Nilikuwepo. Akauvuta mmoja wa katikati, akaukunjua mezani, na juu ya ule weupe na zambarau palikuwa na vinyweleo vya kijivu, laini kama manyoya ya kifaranga.

"Mzee," akasema kwa upole, "huu ni ukungu. Siwezi kuupitisha."

Mke wangu aliupokea mswala ule, akaupangusa kwa ncha ya khanga yake, doa likabaki. Akapangusa tena. Hakulia, si mtu wa kulia mbele za watu. Akauliza, "Meli inaondoka lini?"

"Kesho, bibi," akasema yule binti wa ushungi wa buluu, akazitoa kalamu zote mbili masikioni, sijui kwa nini. Nadhani ilikuwa ni namna yake ya kutupa pole.

Turudi nyumbani basi. Jirani alipita kutuchukua, matenga yake yakiwa matupu. Safari hii mke wangu hakuuliza habari za turubai. Tulipofika njia panda ya Bungu, jirani alishindwa kunyamaza, maana kunyamaza kwake ni maradhi.

"Mtani, kaa tunamnyunyizia maji ndiyo aishi. Mkeka nao mmeufanyia hivyohivyo?"

Mke wangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka Kibiti, na wale wasukaji wawili nyuma wakacheka, nami nikamshukuru Mola aliyeumba watani.

Kesho yake baraza na ua wetu wote ulikuwa zambarau na nyekundu. Walianika, wakapangusa kwa maji ya limau, wakaanika tena, asubuhi mpaka adhuhuri, siku baada ya siku. Rajabu ikaenda. Miswala iliyokuwa pembeni mwa fungu ilipona kabisa. Ile ya katikati, ambako maji yalikusanyika, ukungu ulikuwa umekwisha kuuma ndani ya ukindu. Shangazi aliipitia yote kwa vidole, mmoja mmoja, na kila alipofika kwenye mmoja mgonjwa aliuweka kando. Ilikuwa tisa. Hamsini na mmoja ikabaki mizima.

Mke wangu alimwambia binti yetu ukweli wote kwenye simu, hakuficha hata ndoo. Tisa itasukwa upya na itakwenda kwa meli, polepole, mikavu. Lakini hii hamsini na mmoja? Shaabani ilikuwa imekwisha kuingia, meli haikuwa tena jambo la kuzungumzia. Ilibaki ndege, na ndege inalipisha hata hewa. Usiku mke wangu aliamka kusali kabla ya wakati wake wa kawaida, nami nilisikia anavyokaa kwenye sijida. Sikuuliza anaomba nini. Niliitikia amina kutoka kitandani.

Jibu halikuja kwa mtaalamu. Lilikuja kwa mvua. Ilikuwa mchana, miswala imetandazwa uani, na wingu likatokea upande wa Utete bila hata kubisha hodi. Matone ya kwanza yakadondoka. Wanawake walitoka mbio, na hapakuwa na nafasi ya kuviringisha chochote. Walichukua mswala wakaulaza juu ya mswala, juu yake mwingine, na mwingine, wakashika pembe nne kama wanavyobeba bati, wakaiingiza ndani yote kwa safari mbili. Mvua ikapiga kweli. Sisi tukawa ukumbini tunahema, na sakafuni palikuwa na miswala hamsini na mmoja iliyolala chali, mmoja juu ya mwingine, kama kurasa za msahafu.

Nikaitazama. Nikachuchumaa, magoti yakalia. Nikapima kwa shubiri: kutoka sakafuni mpaka juu, shubiri moja na vidole vichache.

"Mama," nikamwita mke wangu, "njoo uone. Hewa imetoka."

Akaja, akatazama, akaelewa kabla sijamaliza. Tukampigia yule binti wa ofisi ya mizigo. Akatuambia tuchukue futi ya fundi cherehani, tumpe urefu, upana na kimo, halafu tupime uzito kwa mzani wa muuza mchele. Tukampa. Tukamsikia akibonyeza kikokotoo chake, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Babu, mmefanyaje?"

"Tumeilaza."

"Sasa mzani umeushinda utepe! Mtalipia uzito wake halisi, basi. Fedha yenu inatosha ndege, kwa kubana."

Nilidhani tumemaliza. Nilipogeuka nikaona wanawake hawafurahi. Mmoja wao, mama wa makamo, akasema kwa sauti ya chini, "Maalim, utaipeleka hivyo? Imetandikwa? Watasema tumewapelekea mitumba."

Wengine wakaafiki. Nikaanza kutafuta la kusema. Nina vitabu, nina hoja, lakini nilijua hawaulizi fatwa. Wanauliza heshima ya mikono yao. Hata mke wangu, mwenye haraka kuliko wote, alikuwa anautazama ule wa juu kabisa kana kwamba umevuliwa nguo. Na mimi niliyekwisha kuwasababishia hasara kwa maneno mazuri ya subira, niliona ni bora ninyamaze.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, uso umeelekea mvua.

"Mkeka anaukunjua mwenyewe," akasema. "Ndivyo tulivyofundishwa. Haya, hii mwenyewe nani?"

"Wale watu wa huko, shangazi," akajibiwa.

"Wale ni wageni, wanasali wanaondoka. Nyumba ya nani?"

Jibu lilijulikana: nyumba ya Mungu.

"Basi mwenyewe ameiona tangu ikiwa ukindu bondeni. Mnamficha nini? Ilazeni, ifungeni, iende. Na mtu anipe chai."

Walicheka, wakafunga. Safari hii hakuna aliyegusa maji. Tuliiacha juani siku mbili zaidi, tukaweka karatasi kavu kati ya kila kumi, tukaibana kwa mbao mbili nyembamba za seremala zilizopigwa dawa ya wadudu, tukaizungushia gunia na si nailoni. Mkaguzi alipouona mzigo ule alizungusha mkono ndani, akanusa, akatia sahihi kwenye cheti. Mke wangu alikipokea kile cheti kama cheti cha ndoa.

Ikapangiwa ndege ya Jumatano. Jumatano jioni yule binti akapiga simu. Mzigo umebaki uwanjani. Ndege ilijaa, na vitu vinavyooza hupewa nafasi kwanza: minofu ya samaki, mboga, na kaa hai.

Mke wangu akakata simu, akavaa ushungi, akavuka barabara mpaka kwa jirani. Nilimfuata kwa mwendo wangu.

"Mtani! Kaa wako wamepanda ndege leo?"

"Wamepanda, mtani, alhamdulillahi. Matenga yote."

"Wamekalia nafasi ya miswala yangu."

Jirani alitaka kucheka, akaona uso wake, akaacha. "Mtani, kaa akichelewa anakufa. Mswala ukichelewa, unabaki mswala."

"Huu ukichelewa," akasema mke wangu, "nakufa mimi."

Yule mtu wa milimani hakutia mzaha tena. Alitoa simu yake, akazungumza muda mrefu na watu wake wa uwanjani, mara kwa kubembeleza, mara kwa ukali, na nikamsikia akisema kwamba Ijumaa yeye hatapeleka tenga hata moja, nafasi yake wampe mzigo wa bibi mmoja wa Kibiti. Kaa wa Ijumaa walibaki Mbuchi kwenye maji yao, wakaishi siku tatu zaidi, na nadhani nao walimwombea dua. Mimi nilimshukuru. Akanijibu, "Maalim, usinishukuru, nile wali wako wa futari tu." Amekula kweli, tena siyo mara moja.

Ijumaa mzigo ukapaa. Jumapili ukawa forodhani kwao. Jumatatu, kimya. Jumanne, kimya, na mke wangu akawa anafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Jumatano mchana binti yetu akaandika maneno mawili, "Tumeuchukua," na simu yake ikaishiwa chaji, kwa hiyo hatukujua zaidi. Jioni ile tulitoka na watu wa mtaa kuutazama mwezi, ukaonekana, mwembamba kama kipande cha ukucha. Watoto wakapiga kelele. Tukasali tarawehe yetu, na katika kila rakaa nilijua mawazo ya mwenzangu yalikuwa kwenye chumba kirefu juu ya duka la baiskeli.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, simu ikalia. Ilikuwa picha iliyopigwa usiku ule baada ya tarawehe, haina maneno. Mkwe wetu, mumewe binti yetu, amekaa sakafuni anatabasamu, macho ya usingizi, na kwenye paji lake la uso, kutoka nyusi mpaka kofia, ukili umejichora wazi kwa kusujudu: mstari, mshono, mstari, mshono. Nyuma yake kijana wa Kingazija, naye kapigwa muhuri uleule. Pembeni mzee Msomali mwenye ndevu nyekundu za hina anaonesha la kwake kwa kidole.

Mke wangu aliitazama picha ile muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Mshono wa kushoto huu ni wa shangazi," akasema. "Hakuna mwingine anayebana hivi."

Akachukua simu, akatoka nayo uani, akiwa amefunga, ameshiba furaha, kwenda kumweleza shangazi ambaye macho yake hayangeweza kuiona picha. Nilimwona kutoka mlangoni akimshika mkono yule bibi na kumpitisha kidole kwenye paji lake mwenyewe, kumwonesha mstari ulipopita.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, Mola akufikishie salama kila unachokituma, ukitume kwa njia ya haraka au ya polepole. Akupe jirani wa kukuachia nafasi yake, akupe ulimi unaotimiza unachosema, na siku utakapoweka paji lako chini, akuinue ukiwa umesamehewa. Amina.